BUSTANI YA CHUPA ILIYOFUNGWA: JINSI YA KUITENGENEZA NA KUITUNZA NYUMBANI

Leo sizungumzii mahindi wala machungwa. Nazungumzia chupa.

Juu ya meza yangu ya kazi pana chupa ya kioo ya lita tatu, imefungwa kifuniko. Ndani yake mna kangaga ndogo, mmea mmoja wa majani ya mistari, na yale majani madogo madogo ya kijani yanayotanda kama zulia juu ya mawe. Mara ya mwisho kuitia maji ilikuwa mwezi Machi. Leo naandika ni Novemba na mimea imenawiri, haina shida. Wiki iliyopita mzee mmoja alikuja kuulizia mbolea ya ruzuku, akaitazama weeee, mwisho akauliza: "Bwana shamba, na hii ni dawa ya nini?"

Nikamwambia si dawa mzee wangu, ni bustani. Wenzetu huko nje wanaiita terariamu. Nitawaelekeza namna ya kuitengeneza kwa vitu vya kawaida kabisa, lakini kwanza niwaambie kwa nini afisa ugani anahangaika na chupa. Haikuanza kama pambo. Ilianza kama aibu.

VIPANDO 800 VILIVYOOZA

Mwaka juzi kikundi kimoja cha akina mama katika kata yangu, huku milimani Muheza, kiliamua kuanzisha kitalu cha pilipili manga. Wazo zuri, maana miche ilikuwa inatafutwa sana. Mimi ndiye niliyewafundisha. Niliwaambia wakate vipando vyenye vifundo vitatu, wavipande kwenye viriba, wavipange chini ya kivuli, wapinde fito juu yake kama handaki na wafunike kwa nailoni angavu ili unyevu usitoke. Kipando hakina mizizi, hakiwezi kunywa vizuri, kwa hiyo kinahitaji hewa yenye unyevu mpaka kitoe mizizi yake. Mpaka hapo nilikuwa sahihi.

Kisha nikaongeza neno moja: "Mwagilieni asubuhi na jioni."

Neno hilo nimelisema mara nyingi sana kwenye vitalu vya nyanya na mchicha, likanitoka mdomoni kama salamu. Lakini kile hakikuwa kitalu cha wazi. Kilikuwa kimefungwa.

Wale mama walitii. Wakapangiana zamu, hata siku za mvua hawakukosa. Baada ya wiki tatu mwenyekiti wao akanipigia simu. Nilipofika nikamsalimu, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba. Njoo unuse."

Alipofunua nailoni ilitoka harufu kama ya yai viza. Vipando vilikuwa vimeoza kuanzia chini, vyeusi, ukivigusa vinateleza. Kati ya 800 tuliokoa 90 na ushee. Fedha za viriba na nailoni zilikuwa zimetoka kwenye kikoba chao. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, haya maji tuliyokuwa tunamwaga kila siku, na humu tumefunga, yalikuwa yanakwenda wapi?"

Yalikuwa hayaendi popote. Nililijua hilo tangu chuoni, nililiandika kwenye mtihani na nikapata alama. Ila sikuwahi kukaa nikaliona kwa macho. Jioni ile nilitafuta chupa.

BUSTANI YA CHUPA INAFANYAJE KAZI?

Ukishaelewa sehemu hii, matunzo yote yanakuwa mepesi. Usiiruke.

Maji kwanza. Udongo ukipata joto la mchana, maji yake yanageuka mvuke. Majani nayo yanatoa mvuke. Kwenye shamba la wazi mvuke huo unachukuliwa na upepo, ndiyo maana tunamwagilia tena. Ndani ya chupa hauna pa kwenda. Unagusa kioo, kioo kikipoa unageuka matone, matone yanateremka na kurudi kwenye udongo, mizizi inakunywa tena. Ni yale yale ya mvua na mito tuliyofundishwa shule ya msingi, ila yamefanyika kwenye chombo unachoweza kukipakata.

Pili hewa. Watu wengi wanauliza, "Je, mimea haitakosa pumzi?" Haikosi. Mchana mmea unatumia mwanga, maji na hewa ya ukaa kujitengenezea chakula, na unatoa oksijeni. Mmea wenyewe, pamoja na bakteria na fangasi wa udongoni wanaoozesha majani makavu, wanatumia oksijeni hiyo na kutoa tena hewa ya ukaa, usiku na mchana. Hewa inazunguka kama maji yanavyozunguka.

Tatu chakula. Jani likifa linaanguka, linaoza, virutubisho vinarudi kwenye udongo. Kwa hiyo hakuna haja ya mbolea.

Kitu kimoja tu lazima kitoke nje kila siku, nacho ni mwanga. Ukiweka chupa kabatini itakufa hata kama maji yapo ya kutosha.

WAZO HILI LILITOKA WAPI?

Halikuanzia kwetu. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifukia buu la nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga, akasubiri nondo atoke. Ward alikuwa anapenda sana kangaga, lakini kila alizopanda kwenye uwanja wake zilikuwa zinakufa kwa moshi wa makaa ya mawe uliojaa mjini. Siku moja akaona ndani ya ile chupa kumeota kangaga na jani la nyasi, bila yeye kupanda wala kumwagilia.

Akatengeneza masanduku ya mbao na vioo kwa mtindo huo. Mwaka 1833 alipeleka masanduku mawili kwa meli hadi Sydney, Australia, safari ya miezi, na mimea ikafika hai. Kabla ya hapo miche mingi iliyosafirishwa baharini ilikuwa inakufa kwa chumvi, upepo na uhaba wa maji. Masanduku hayo ndiyo yaliyobeba miche ya chai kutoka China kwenda India karibu na mwaka 1850, na baadaye miche ya mpira kutoka London kwenda Sri Lanka. Kwa hiyo msidharau chupa. Sehemu ya kilimo cha biashara tunachokijua leo ilisafiri ndani yake.

VIFAA UNAVYOHITAJI

Vingi unavyo tayari.

- Chupa ya kioo angavu yenye mdomo mpana na kifuniko, lita mbili hadi tano. Inaweza kuwa ya achari, ya asali, au ule mtungi wa pipi wa dukani. Ukikosa, tumia chupa ya plastiki angavu ya maji ya kunywa ya lita 6 au 12: ikate katikati, panda, kisha urudishie sehemu ya juu na uzungushie selotepu. Chupa ya rangi ya kahawia au kijani haifai, inazuia mwanga.
- Kokoto ndogo, zilizooshwa mpaka maji yatoke safi.
- Mkaa wa kawaida, uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, ukapepetwa vumbi na kuoshwa. Usitumie majivu.
- Kipande cha wavu wa dirishani.
- Udongo: sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya mchanga wa mtoni, sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa. Chekecha. Samadi mbichi ni marufuku, itachoma mizizi na kuleta harufu.
- Kijiko kilichofungwa kwenye kijiti, na kijiti kingine chenye pamba kwenye ncha. Hivi ndivyo vitakuwa mikono yako ndani ya chupa.
- Maji safi. Ya mvua ni mazuri zaidi, maana maji ya bomba au ya kisima chenye chumvi yanaacha madoa kwenye kioo na chumvi kwenye udongo.

MIMEA INAYOFAA NA ISIYOFAA

Chagua mimea midogo, inayokua taratibu, inayopenda kivuli na unyevu. Kwa lugha nyepesi, mimea ya chini ya miti mikubwa.

Inayofaa: kangaga ndogo, ule mmea wenye majani kama unyoya, unaoota kwenye kuta zenye unyevu na kingo za mifereji. Zulia la kijani la kwenye mawe, utalipata nyuma ya tangi la maji au upande wa nyumba usiopata jua. Fitonia, yenye majani yenye mishipa myeupe au myekundu, wauza maua mjini wanayo. Pia lile ua la vyungu la jamii ya kongwe, lenye mistari ya fedha na zambarau. Hili la mwisho linakua haraka, uwe tayari kulipunguza. Kongwe lenyewe la shambani usilete, unalijua tabia yake.

Isiyofaa: mshubiri, minyaa, dungusi kakati, na kwa ndugu zangu wa Tanga, mkonge. Hiyo ni mimea ya ukame, ndani ya chupa inaoza. Mchicha, nyanya na kivumbasi pia hapana, vinataka jua na upepo.

Hapa naomba niseme kwa msisitizo. Wengi mmeona yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya yanayouzwa kwenye vyungu. Asili yake ni huku kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mmea ukapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Leo unapambwa madirishani Ulaya na Marekani, wakati baadhi ya aina zake za porini zimebaki kwenye miamba michache ya misitu yetu na ziko hatarini kutoweka. Usiingie hifadhini kung'oa, iwe ua hilo au kangaga. Ni kosa kisheria, na ni hasara isiyorudishika. Vya nyuma ya tangi lako vinatosha.

HATUA KWA HATUA

1. Osha chupa kwa sabuni, suuza vizuri, iache ikauke. Mafuta ya achari yakibaki yataleta fangasi.

2. Mwagia udongo wako maji ya moto yaliyochemka, uuache upoe na upungue maji kwa siku moja au mbili. Hii inapunguza wadudu, mbegu za magugu na vimelea.

3. Weka kokoto kimo cha sentimita 2 hadi 3. Hapa ndipo maji ya ziada yatakapojikusanya mbali na mizizi. Kumbuka chupa haina tundu chini kama kiriba.

4. Weka mkaa kimo cha sentimita 1. Unasaidia kupunguza harufu.

5. Tandika wavu, ili udongo usishuke kwenye kokoto.

6. Weka udongo sentimita 5 hadi 7. Kokoto, mkaa na udongo kwa pamoja visizidi theluthi moja ya kimo cha chupa. Mimea inahitaji nafasi ya kukua.

Kabla ya kuuweka, upime kwa kiganja. Fumbata udongo na uminye. Ukitoa maji, bado umelowa sana, subiri. Ukisambaratika kama unga, ni mkavu, ongeza maji kidogo. Ukishikamana bila kudondosha tone, hapo hapo.

7. Toa mimea kwenye udongo wake wa zamani, kagua chini ya majani kama kuna mayai ya wadudu au konokono, kata majani yote yaliyojeruhiwa. Panda kwa kijiko chako kirefu, shindilia taratibu. Majani yasiguse kioo, maana jani linaloshikana na kioo chenye maji ndilo la kwanza kuoza. Mimea mitatu inatosha kwa chupa ya lita tatu. Najua utatamani kuweka saba.

8. Tandaza zulia la kijani juu ya udongo ulio wazi, likandamize ligusane na udongo.

9. Nyunyiza maji vijiko viwili vya chakula, ukiyateremsha kwenye kioo ili yaoshe vumbi. Udongo ulishakuwa na unyevu wake, usiongeze kwa kuogopa.

10. Funga kifuniko.

WIKI MBILI ZA KWANZA: JIFUNZE KUSOMA KIOO

Sasa hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo nilipopotea kwenye kile kitalu. Kwa siku 14 za mwanzo, kazi yako ni kuangalia chupa asubuhi, mchana na jioni. Weka chombo cha maji mbali kabisa.

Asubuhi kioo kina umande upande mmoja, kufikia saa sita mchana umepungua au umekwisha: maji yako sawasawa. Acha kama ilivyo.

Kioo chote kimefunikwa na matone kutwa nzima, huoni ndani: maji yamezidi. Fungua kifuniko saa tatu au nne, futa kioo kwa kijiti chenye pamba, funga. Kesho angalia tena. Rudia mpaka kioo kianze kusafika mchana.

Siku tatu mfululizo hakuna umande hata asubuhi, na udongo umepauka: maji ni machache. Ongeza kijiko kimoja cha chakula, funga, subiri siku mbili ndipo uamue tena.

Angalia pia chini. Maji kidogo kwenye kokoto si tatizo, ila yakifika kwenye udongo, mizizi itakosa hewa na itaoza. Yatoe kwa bomba la sindano lililounganishwa na mrija, au ingiza kitambaa kikavu kiyanyonye.

Chupa yangu ya kwanza ilinichukua siku tisa kutulia. Mara tatu niliifungua kutoa unyevu. Yaani mimi, mwenye stashahada ya kilimo, nilizidisha maji tena, safari hii nikiwa najihadhari! Mkono wa mkulima umezoea kumwagilia. Kutomwagilia kunahitaji mazoezi.

MAHALI PA KUIWEKA

Iweke mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua lisiifikie moja kwa moja. Kipimo changu: mchana, bila kuwasha taa, uweze kusoma gazeti hapo bila kukaza macho. Mita moja au mbili kutoka dirishani panafaa.

Usiiache juani hata kidogo. Kioo kinapitisha mwanga ukageuka joto ndani, na joto halipati upepo wa kulitoa. Mimea itachemka ndani ya muda mfupi, utakuta majani kama mchicha uliopikwa. Na kama nyumba yako ina bati bila dari, usiiweke juu ya kabati, joto la mchana hupanda huko. Iweke chini, sakafuni au kwenye meza fupi. Mara moja kwa wiki izungushe robo ili mimea isilalie upande wa dirisha.

MATATIZO YA KAWAIDA

Fangasi mweupe kama pamba. Mara nyingi hutokea wiki za mwanzo, usitupe chupa. Mtoe kwa kijiti, ondoa jani lililokufa alilokaa, acha wazi saa chache. Kwa kawaida hupungua udongo ukitulia.

Vidudu vidogo sana vyeupe vinavyorukaruka kwenye udongo. Usipulize dawa. Hawa wanakula fangasi na majani yaliyooza, ni vibarua wa bure.

Mimea kurefuka, kupauka na kuwa dhaifu. Mwanga hautoshi. Isogeze karibu na dirisha.

Majani ya chini kuwa ya njano na kuteleza. Maji yamezidi. Yaondoe majani hayo na ufungue chupa.

Mimea kugusa kifuniko. Punguza kwa mkasi mrefu, toa vipande vyote ulivyokata. Usiwape mbolea, haraka yao ndiyo shida yako.

Harufu. Fungua na unuse mara moja kwa mwezi. Bustani nzuri inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ikinuka yai viza, udongo umekosa hewa: toa mimea iliyo hai, mwaga udongo wote, osha, anza upya. Hakuna dawa ya njia ya mkato hapo.

Ikishatulia, fungua dakika chache mara moja kwa mwezi kwa ukaguzi, basi. Maji, miezi kadhaa inaweza kupita bila kuongeza. Yupo mzee wa Uingereza aliyepanda chupa yake mwaka 1960, na alieleza kwamba mara ya mwisho kuimwagilia ilikuwa 1972, na zaidi ya miaka 40 baadaye ilikuwa bado imejaa majani. Sikuahidi miaka hiyo, ila miwili mitatu ni jambo la kawaida.

NIKARUDI NA CHUPA

Kwenye chupa yangu ya pili nilipanda kipando kimoja cha pilipili manga, kati ya wale 90 waliopona, nikakisogeza karibu na kioo makusudi. Kilipotoa mzizi mweupe tukauona wote nyumbani. Nikaifunga kwenye kitenge, nikapanda nayo bodaboda mpaka kwa kile kikundi.

Sikuanza kwa kufundisha. Nilianza kwa kuomba radhi, kwamba kosa lilikuwa la maelekezo yangu na wao walifanya kazi yao vizuri. Kisha nikaiweka chupa mezani. Yule mama mtu mzima akaisogeza karibu na macho, akaona matone yanavyoteremka kwenye kioo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe yalikuwa yanarudi. Sisi tulikuwa tunaongeza juu ya yanayorudi."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo, hata chuoni.

Tulipanda upya vipando 400, viriba nikachangia nusu mimi. Safari hii tulimwagilia mara moja siku ya kupanda, tukafunika, na aliye zamu alikuwa na kazi ya kusoma nailoni kama tunavyosoma kioo: asubuhi ina matone, mchana yamepungua, usiguse. Ikiwa na matone kutwa, fungua upande mmoja. Ikikauka, nyunyiza kidogo. Vipando 310 vilishika.

Tulipofika kuvitoa hatukufunua kwa siku moja. Jani lililozoea hewa yenye unyevu likitolewa ghafla linanyauka. Tulifungua nailoni kidogo kidogo kwa siku kumi, siku ya kwanza saa moja, ya pili mbili, mpaka vikazoea. Fanya hivyo hivyo ukitaka kuhamisha mmea kutoka kwenye chupa kwenda kwenye chungu.

Hasara ya mwanzo haikurudi yote, nisiwadanganye. Ila kikundi hakikuvunjika, na mwaka huu wameuza miche. Yule mama ana chupa yake sebuleni, ya achari, imekaa kwenye meza fupi mbali na dirisha. Mjukuu wake alitaka kuimwagilia nikiwa pale, bibi akamshika mkono.

"Kwanza angalia," akamwambia.

Basi wapendwa, tafuteni chupa wiki hii, hata kama hamna mpango wa kitalu. Wekeni mahali watoto wanaweza kuiona. Ikikushinda mara ya kwanza usikate tamaa, mwaga, osha, anza tena na maji kidogo kuliko ulivyotia mwanzo. Tukutane tena kwenye makala ijayo, tutaongelea namna ya kuchagua mche wa pilipili manga usio na ugonjwa kabla hujalipa. Kilimo chema.